Mashimo Manne ya Mama Shakiru

Mwika, 5 Februari 2024

Kwa Mama Shakiru (Bi. Maulida), mpangaji wangu,
Majengo, Moshi.

Nakusalimu. Naamini harusi ya mpwa wako huko Korogwe ilifana, na kwamba umerudi ukaikuta nyumba imekuwa mpya.

Barua hii anaileta Winfrida, ambaye kama unavyojua hushuka mjini na ndizi na maziwa mgando kila Jumanne na Ijumaa. Ningeweza kukupigia, lakini kwangu mimi simu ni ya salamu na misiba. Mambo ya kodi yanaandikwa, yanasainiwa, yanawekwa kwenye faili. Nimefundisha darasa la sita miaka thelathini na moja na sijawahi kumpa mtoto maksi kwa jibu la mdomo.

Kama ulivyojionea, ulipokuwa safarini fundi Godlove, mtoto wa marehemu dada yangu, aliukarabati upande wako. Ameweka marumaru nyeupe kuanzia sebuleni hadi chumba cha kushonea. Ameweka dari la jipsamu lenye taa nne, choo cha kukaa, na rangi ya krimu. Aidha ameziba mashimo manne aliyoyakuta kwenye sakafu ya chumba cha kushonea, ambayo ni uharibifu wa mpangaji. Kwa uungwana sitakutoza gharama ya mashimo hayo, ila nayataja ili yajulikane.

Kwa sababu hiyo, kuanzia tarehe 1 Aprili kodi itapanda kutoka laki moja na ishirini hadi laki mbili na ishirini kwa mwezi, ikilipwa miezi sita mbele kama kawaida yetu. Usipoafiki, nyumba iwe wazi ifikapo tarehe 31 Machi. Najua siku hiyo ni Pasaka. Unaweza kuhama tarehe 30.

Mwl. Ebenezeri Eliufoo
(Mstaafu, Mzee wa Kanisa, Mwenye Nyumba)


Majengo, 8 Februari 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nimeianza kwa shikamoo kwa sababu ya malezi niliyopewa na mama yangu, Mungu amrehemu. Ingekuwa ni kwa barua yako tu, ningeanza na jambo lingine.

Kabla sijasafiri Godlove aliniambia anakuja kupaka rangi. Nikamwambia karibu, nikamwachia ufunguo. Hakunitajia marumaru wala dari. Mimi kitu nilichokuomba mwaka jana, kwa maandishi kama unavyopenda, ni bomba la jikoni linalovuja. Bomba bado linavuja. Tofauti ni kwamba sasa linavujia kwenye marumaru.

Sasa nikueleze hizo marumaru. Sebule yangu inafanana na bucha. Wateja wakiingia wanauliza kilo shilingi ngapi. Na cherehani yangu, Mwalimu, inasafiri. Unajua ni ile ya kukanyaga, ya chuma, nzito. Nikianza mkono wa shati niko ukutani, nikifika kwenye kola niko mlangoni. Juzi mteja kapiga hodi, nikamfungulia bila kunyanyuka kwenye kiti.

Choo chako cha kukaa kilimpata shangazi yangu Hajira, mwenye miaka themanini na moja. Alikaa humo akaona pazuri, akalala. Tuligonga mlango robo saa nzima, mimi nikiwa tayari nawaza nani nimpigie wa kwanza. Na hizo taa nne, ya juu ya kitanda changu inanitazama kama mkwe.

Kwa hayo yote niongeze laki nzima kila mwezi? Ungenipunguzia.

Maulida

Majoho ishirini na mawili ya Kwaya ya Wazee ya usharika wenu, ya Pasaka, yako mezani kwangu na ninayashona vizuri, hayana ugomvi na mtu. Ila umemwagiza Winfrida aniambie kiuno chako ni thelathini na nane. Mwalimu, mimi nilikupima mwaka juzi kwa mkono wangu.


Mwika, 12 Februari 2024

Kwa Mama Shakiru.

Marahaba.

Ninakurudishia barua yako nikiwa nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwandiko ni mzuri, hoja zimepangwa, ila heshima imepungua kuanzia aya ya tatu. Nimekupa saba kwa kumi.

Nijibu kwa ufupi. Habari ya bucha nimeisoma na sikuipenda. Binti yangu Eliaichi, aliyeko Dodoma, ndiye aliyenishauri. Anasema nyumba za Moshi zenye marumaru zinagombewa na watu wa kampuni za kupandisha wageni mlimani, na wanalipa laki tatu bila kukohoa. Mimi nimekuwekea mbili na ishirini kwa sababu ya miaka uliyokaa. Ujue pia kwamba ukarabati huo niliulipia kwa kuuza ng'ombe wa maziwa. Mke wangu Yuditha alikuwa akimpenda ng'ombe yule kuliko watu kadhaa ninaowafahamu, na tangu aondoke, mimi naletewa mtori wa jana. Nikishindwa kumrudisha ng'ombe kabla ya Krismasi sijui nitaletewa nini.

Lakini nimeona jambo moja. Umezungumza juu ya marumaru, taa, choo na bomba. Juu ya mashimo manne hukusema hata neno. Darasani, mtoto akiruka swali nilijua hajui jibu, au analijua mno. Ninachukulia kwamba umekubali kosa.

Tarehe 31 Machi iko palepale.

Mwl. E. Eliufoo

Kiuno ni thelathini na nane.


Majengo, 22 Februari 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nimekaa siku kumi bila kujibu kwa sababu kila nikiandika naona nitapata nne kwa kumi.

Nasema wazi, maana kona za maneno zimenichosha. Sina laki mbili na ishirini. Miezi sita mbele ni fedha ambazo sijawahi kuzishika zote kwa pamoja. Nimetembea Pasua na Njoro kutafuta pa kuhamia. Chumba chenye baraza ya kuwekea wateja hakipatikani kwa bei yangu, na fundi nguo akihama anaanza upya kama aliyefika mjini jana. Miaka kumi na tisa watu wanajua Mama Shakiru yuko nyuma ya msikiti mdogo, mlango wa bluu. Nikitoka hapa sina kazi. Hilo ndilo lililopo, mengine yote ni mapambo.

Winfrida anakuletea joho lako ulijaribu. Nimelishona kwa arobaini na nne. Ukiweza kulifunga kwa thelathini na nane nitahama bila kelele.

Kuhusu swali nililoruka, niache niliruke.

Maulida


Mwika, 26 Februari 2024

Mama Shakiru mpendwa,

Leo naandika nikiwa na moyo mwingine kabisa.

Winfrida alinikabidhi mzigo wako jana baada ya ibada. Nilipoona kilichoufunga nilikaa chini. Jani la sale! Bichi, limepigwa fundo katikati, kama wazee wetu walivyofanya. Sikutegemea, wewe si mtu wa huku juu, ukoo wako una Upare na Manyema na sijui wapi tena. Kumbe miaka yote hiyo chini ya mlima umejifunza.

Unajua basi maana yake. Kwetu mtu akiletewa sale lililofungwa fundo, hata awe na kinyongo cha kujaza debe, hana njia. Lazima asamehe. Babu yangu alisamehe shamba zima kwa jani moja. Mimi ni nani nisisamehe?

Kwa hiyo mimi, Ebenezeri Eliufoo, mbele ya mke wangu Yuditha, ambaye kwa tukio hili amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu Januari, nimekusamehe. Nimekusamehe bucha. Nimekusamehe maneno ya mkwe. Nimekusamehe kiuno, ingawa joho limenienea, na hilo tusilizungumze. Na zaidi ya yote nimekusamehe yale mashimo manne uliyoyatoboa kwenye sakafu yangu.

Kodi inabaki laki moja na ishirini. Ng'ombe Mungu atajua. Kaa kwa amani.

Mwl. E. Eliufoo


Majengo, 29 Februari 2024

Mwalimu,

Shikamoo ipo, utaikuta mwishoni nikiwa nimepoa.

Sale gani? Mimi ni fundi nguo. Nyumbani kwangu kuna nyuzi za kufunga kuanzia hapa mpaka kileleni kwa mlima na kurudi. Mzigo wako niliufunga kwa uzi wa bluu, mafundo mawili, nikaukata kwa meno. Nimezaliwa Moshi, sale nalijua vizuri, tunalipanda kwenye mipaka. Sijakuomba msamaha. Nikuombe kwa lipi? Kwa kukaa kwenye nyumba ninayolipia?

Hapa nimeshinda tangu asubuhi nikiitazama barua yako. Mtu mwenye akili angeshukuru, akanyamaza, akashona. Kodi imebaki ileile, nataka nini tena? Shangazi Hajira kaniambia hivyohivyo, na kaniita mjinga. Na ningenyamaza, Mwalimu, wallahi ningenyamaza, bucha na kiuno ningevimeza. Lakini umeniandikia kwamba umenisamehe mashimo manne. Hayo usinisamehe. Hayo siutaki msamaha wake.

Haya, nakujibu swali nililoliruka.

Mashimo yale aliyachimba Khalid, mume wangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa kazi ya kusakafia nyumba hii, kabla hatujahamia. Tulikuwa wachumba wa miezi michache na mali yangu yote ilikuwa cherehani hii. Saruji ilipokuwa bado mbichi aliniambia nikae kwenye kiti nikanyage hewa, nionyeshe ningependa kukaa wapi ili mwanga wa dirisha uniangukie mkononi. Nikamwonyesha. Akapima miguu minne ya cherehani kwa kidole, akaichimbia vishimo vinne, kila mguu na chake, akavilainisha kwa kijiko cha chai. Akasema, sasa haitakukimbia. Na haikunikimbia miaka kumi na tisa. Yeye kaondoka mwaka 2016, nawe ulikuja kumzika pale makaburini, na kila asubuhi nilipokaa kushona nilikuwa nimekaa mahali alipoamua nikae.

Nimerudi Korogwe nimekuta marumaru. Halafu barua yako ikayaita uharibifu wa mpangaji.

Chukua laki mbili na ishirini yako kama unataka, nitakopa, nitauza vitu. Au nitahama tarehe 30. Lakini kusamehewa kwa vishimo vya Khalid, hapana.

Shikamoo.

Maulida


(nyuma ya barua hiyohiyo, kwa kalamu ya risasi)

Mwalimu shikamoo, ni mimi Winfrida. Naandika hapa nyuma kwa sababu karatasi sina na niko kituoni.

Sale nimefunga mimi. Uzi wa bluu niliufungua nikafungia dumu la maziwa lililokuwa linamwaga. Halafu nikaona mzigo uko wazi, na sale liko pale kwenye mpaka wa kihamba chako, penye migomba, nikachuma. Nikisema ni bahati mbaya nitakuwa nadanganya. Fundo nililipiga kwa makusudi.

Mimi nimechoka. Nyinyi mnaandikiana kwa adabu, matusi yenyewe mnanipa mimi kwa mdomo. Ukinipa barua unanifokea dakika ishirini kana kwamba ndiye mimi Mama Shakiru. Nikifika kwake naambiwa mimi ndiye Mwalimu. Na yule mama akihama, kuna lita mbili za mgando kila wiki sijui nitamuuzia nani. Halafu mnajua wote wawili kwamba sale hapeleki mgomvi mwenyewe, linapelekwa na mtu wa katikati. Katikati hapa ni nani kama si mimi?

Aika, asante. Basi limekuja.


Majengo, 7 Machi 2024

Mwalimu, shikamoo.

Juzi Winfrida kanishushia mkungu wa ndizi mshare, mkubwa kuliko mtoto wa darasa la pili, na hakuna barua. Mwalimu Ebenezeri kutuma kitu bila barua! Nilidhani unaumwa.

Mkungu umefungwa jani kwenye shina. Ni sale. Lina fundo.

Nimemweka Winfrida kwenye kiti nikamhoji. Ameapa kwa ng'ombe wake wawili na kwa ndama aliye tumboni kwamba safari hii si yeye. Anasema alikukuta umesimama mwenyewe mpakani, goti lako bovu umeliegemeza kwenye mgomba, unachagua jani huku unaangalia nyuma kama mwizi wa kuku.

Kwa hiyo nauliza, maana mimi sitaki kusamehe mtu ambaye hajaniomba, nimeona inavyouma. Hii ni kamba, au ni sale?

Maulida


Mwika, 11 Machi 2024

Mama Shakiru,

Kamba zimeisha huku Mwika.

Hayo niliyaandika jana, nikayaacha usiku mzima, na asubuhi Yuditha ameyasoma akaniuliza kama mwanafunzi wangu angeandika hivyo ningempa ngapi. Ningempa sifuri. Basi naanza upya.

Ni sale.

Niliposoma barua yako nilijiambia unatunga. Nikasema mimi ni mtu wa kumbukumbu, jambo kama hilo ningelijua. Nikalitoa faili la nyumba ili nikuumbue. Humo nimekuta karatasi ya marehemu Khalid ya mwaka 2005, kwa mwandiko wake uliolala upande. Sakafu ya vyumba viwili na sebule, bei yake. Ngazi ya mbele, bei yake. Na mstari wa mwisho: "Vishimo vinne vya cherehani ya Maulida, bila malipo. Mwalimu ameruhusu." Chini yake kuna saini. Ni yangu.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwepo, Maulida. Nilisimama mlangoni na mwavuli, nikamwambia Khalid kwamba mwanaume anayechimba sakafu mpya kwa ajili ya cherehani ataharibikiwa na ndoa. Akacheka. Mimi ndiye niliyesema, "Haya, chimba." Miaka kumi na tisa faili limekaa kwenye kabati langu, nami nikaandika kwamba wewe umeharibu. Nimewafokea watoto wa watu kwa kutosoma swali kabla ya kujibu, na mimi mwenyewe sikusoma.

Barua ilinishinda, ndiyo maana nilituma ndizi. Nilikuonea. Nisamehe kwa vishimo, na kwa kuvisamehe.

Alhamisi Godlove atakuja na tindo kubandua marumaru pale penye cherehani. Nimemwambia asipate hata chai mpaka amalize. Nimemwambia pia atazame bomba. Kodi ni laki moja na ishirini, na sasa sisemi kama fadhila.

Ng'ombe usimuwaze. Yuditha ameanza kuniletea mtori wa siku hiyohiyo.

E. Eliufoo


Majengo, 15 Machi 2024

Mwalimu wangu, shikamoo.

Godlove alikuja jana, kafunga mdomo kama mimi niliyefunga Ramadhani. Nilimwonyesha pa kubandua. Akagonga marumaru ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Nilijua tutakuta zege tupu. Lakini nimshukuru Mungu kwa jambo ambalo sikuwahi kudhani nitamshukuru. Mpwa wako anabania saruji. Alichozibia vishimo kilikuwa mchanga mtupu wenye harufu tu ya saruji. Nilikizoa kwa kijiko cha chai. Chini yake vimekaa vilevile, laini, mpaka alama ya kidole iko.

Nililia, sitakuficha. Godlove alitoka nje akajifanya anatafuta nyundo.

Sale lako nimelipokea. Nimelipanda kwenye kopo pale barazani, kama halitaota basi, lakini litakuwepo. Na kodi nimeamua mwenyewe, usinisahihishe. Nitalipa laki moja na arobaini. Elfu ishirini ni kwa ajili ya choo, maana Shangazi Hajira sasa hataki kuondoka kwangu, na kwa zile taa tatu. Ya nne nimeivalisha kofia ya kitambaa.

Bomba bado linavuja. Godlove amelitazama, kama ulivyomwagiza.

Majoho yote ishirini na mawili atakuletea Winfrida Jumanne, yamefungwa kwa uzi wa bluu, nami nimemhesabia mafundo. La kwako, ulilonirudishia baada ya kulijaribu, nililimalizia jana jioni baada ya kufuturu, pindo lote kwa mkao mmoja, mwanga wa taa tatu ukiniangukia mkononi. Nilianzia dirishani nikamalizia dirishani.

Imesimama, Mwalimu. Haijanikimbia hata inchi.

Maulida

Kiuno ni arobaini na nne.